Walipokuja Kumposa Mpwa Wangu

Mpwa wangu alipofika mwaka wa tatu wa sekondari hakuweza tena kuingia jikoni kwa mama yake bila kugeuka ubavu. Dada yangu, ambaye ni mdogo wangu na ni mwembamba kama sisi wote wa kwetu, alikuwa akiniambia kwenye simu, "Huyu mtoto walinibadilishia kambini. Mimi sikuzaa mlango." Lakini alikuwa wake. Alikuwa na paji la uso la marehemu baba yake, na alikuwa na aibu ya kwetu, ile ya kuzungumza huku akiangalia vidole vya miguu.

Dada anakaa Reynoldsburg, mashariki ya Columbus. Mimi nakaa Louisville, mtaa wa Beechmont, na kaka yetu mkubwa anakaa Buffalo. Tulikuja kama wakimbizi kutoka kambini, hatukuchagua kutawanyika hivyo. Kila mmoja alipelekwa palipopatikana nafasi, kwa wakati wake, na tulipoanza kutafutana tulikuta tayari kila mtu ana kazi, kanisa, na mkataba wa nyumba. Basi tumeishi kwa simu na kwa barabara.

Mimi sipendi kutazama kitu nisichokielewa. Mpwa wangu alipoanza kucheza mpira wa Marekani, ule wa kubebwa mkononi, nilikwenda maktaba ya mtaani kwetu nikaazima vitabu. Vile vya watu wazima vilinishinda, kwa sababu mwandishi alichukulia kwamba msomaji amezaliwa anajua. Nikarudi nikaazima cha watoto, chenye picha. Hicho kilinisaidia. Kisha nikawa natazama mechi za Jumamosi nimezima sauti, nikisimamisha picha na kuhesabu nani anasimama wapi, mpaka nikaelewa kazi ya mpwa wangu ni ipi. Kuna mmoja anayerusha mpira. Mbele yake wanasimama wanaume watano wakubwa ambao kazi yao ni kuzuia asiangushwe. Mpwa wangu alikuwa mmoja wa hao watano, wa pembeni kushoto, upande ambao mrushaji haoni. Nilimweleza dada yangu kwenye simu.

"Kwa hiyo shule nzima inampigia makofi mtu ambaye hajawahi kugusa mpira?"

"Ndiyo."

"Na kazi yake ni kuziba njia."

"Kuziba njia, ndiyo."

"Hata nyumbani anafanya hivyo," alisema. "Bure."

Ilibainika kwamba si bure. Zamani mchezaji wa chuo kikuu alikuwa anapewa masomo, chakula na kitanda, basi. Sasa sheria zimebadilika, mchezaji anaweza kulipwa kwa jina lake na sura yake. Muuza magari anaweza kumlipa asimame mbele ya gari. Matajiri wanaokipenda chuo fulani wanaweza kuchanga pesa zikagawiwa wachezaji kupitia mikataba ya namna hiyo. Kwa hiyo vyuo vinavyomtaka kijana mmoja havishindani tena kwa uwanja na walimu peke yake. Nililisoma jambo hili kwa wiki kadhaa kabla ya kumwambia yeyote, kwa sababu sikuamini kwamba nimelielewa sawasawa.

Vyuo viwili ndivyo vilivyomtaka kwa dhati. Kimoja kilikuwa kikubwa, cha kusini, kinachoonekana kwenye televisheni. Kingine kilikuwa cha wastani, mwendo wa kama saa moja kutoka kwa kaka Buffalo, kwenye theluji. Vyote viwili vilikuwa tayari kumsomesha. Tofauti ilikuwa katika ule mkataba wa jina na sura. Chuo cha kusini kilizungumza fedha ambazo zingemwezesha mama yake kuacha kazi. Kile cha kaskazini kilizungumza duka la matairi ambalo lingemlipa kidogo.

Na mama yake alihitaji kuacha kazi. Anafunga maboksi ghalani, amesimama zamu nzima. Akirudi hakai kwenye kiti. Anakaa chini kwenye zulia, mgongo ukutani, mwanawe anamletea mfuko wa barafu uliofungwa kwa taulo. Hawasemezani wakati huo. Nimeliona hilo kwa macho yangu kila nilipowatembelea. Kwa hiyo, tukiondoa maneno mengine yote, swali lililokuwa mbele yetu lilikuwa hili: je, miguu ya mtoto ilipie mgongo wa mama?

Kaka aliitisha kikao cha simu ya picha, sisi watatu. Kwa mila ya kwetu neno la kijana ni la ukoo wa baba yake, lakini baba yake alifariki kambini, na ndugu wa baba aliyebaki, aliyeko Bujumbura, alitupa ruhusa. Kaka aliipokea ruhusa hiyo kwa uzito wote. Yeye ni shemasi kanisani kwake na hupenda jambo liwe na mpangilio.

"Bon, haya," alisema. "Hawa watu wanataka nini?"

"Wanataka mtoto aende kwao," nilisema.

"Kukaa huko?"

"Kukaa, kusoma, kucheza."

"Na watatoa kitu?"

"Watatoa."

"Donc, basi, ni posa."

Dada alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Kaka, huyu ni mvulana!"

"Mimi nimesema posa, sikusema msichana. Watu wanatoka mbali, wanapiga hodi, wanasema tumeona kitu kizuri kwenu. Wewe unaita hiyo nini? Biashara ya viazi?"

Hatukuwa na jina lingine la kuliita. Basi tukakubaliana kuendesha mambo kama posa, na kaka akawa msemaji. Akatoa masharti. Siku ya kwanza wageni wanakula, hawajibiwi. Anayeposwa hasemi juu ya mali. Na zawadi yao yoyote isivaliwe wala isinywewe kabla ya neno la mwisho, maana ukivaa umekubali. Kwenye simu ile ya picha mpwa wangu alipita nyuma ya mama yake akiwa amevaa kofia ya chuo cha kusini, aliyotumiwa kwa posta.

"Nani amemvisha huyo kofia?" kaka alipaza sauti. "Vua! Umeisha kuolewa?"

Kijana aliivua akaiweka juu ya friji. Ilikaa huko majira yote ya baridi.

Watu wa kusini walikuja Jumamosi mchana. Mimi nilikuwa nimeendesha kutoka Louisville asubuhi, kaka alitoka Buffalo siku moja kabla, na dada alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo, samaki, foufou, ule ugali wa muhogo, na mchuzi wa nyama kwa ajili ya wasioweza vyakula vyetu. Walikuja wawili, kocha na mwanamume mwingine aliyewakilisha wale matajiri wachangiaji. Walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, walikula, na kocha aliomba sombe mara ya pili. Nayasema haya kwa sababu nisingependa mtu afikiri walikuwa watu wabaya. Walikuwa wamechoka. Siku ileile walikuwa na nyumba nyingine ya kwenda.

Yule mwakilishi alitoa kompyuta ya mkononi akamwonyesha dada picha ya mwanawe, tayari amevishwa jezi yao, nyuma yake uwanja umejaa watu. Dada aliishika kwa mikono miwili akaitazama muda mrefu. Mwakilishi akaniambia, polepole ili nitafsiri, "Tunajua mama anafanya kazi ghalani. Tungependa asirudi tena huko." Sikuhitaji kutafsiri. Dada alirudisha ile kompyuta na kuangalia zulia, pale ukutani anapokaaga.

Kisha kaka akasimama. Kaka ana mguu mmoja usiokunja vizuri, kwa hiyo kusimama kwake huchukua muda na watu hunyamaza wakisubiri. Alieleza tulikotoka, milima yetu, ng'ombe waliokuwepo na wasiokuwepo tena. Nilitafsiri sentensi moja moja. Mwishoni akauliza, uso umekaza, "Na mbuzi ya mjomba, nani ataleta?"

Inabidi nieleze. Kwetu wanaoposa hudaiwa mbuzi kwa ajili ya mjomba, na kudaiwa kwenyewe ni mchezo. Upande wa pili unatakiwa kubisha. Watasema mbuzi aliugua njiani. Watasema mjomba mwenyewe amekwisha kunenepa, anatafuta nini tena. Mjomba atatishia kuondoka, atashikwa mkono arudi. Hapo ndipo watu wa pande mbili wanapojuana jinsi wanavyogombana na jinsi wanavyopatana, na baada ya kicheko hicho hata mali kubwa hujadiliwa kwa amani. Kaka alikuwa ameandaa majibu ya kila hoja. Njiani kutoka Buffalo alikuwa ameyafanyia mazoezi peke yake garini, aliniambia.

Nilitafsiri kama alivyosema: mbuzi wa mjomba. Wale wawili wakatazamana. Mwakilishi aliandika kitu kwenye simu yake, akasema wamesikia na watalifanyia kazi. Hakuna aliyecheka. Kaka alibaki amesimama na sentensi yake inayofuata mdomoni, kisha akakaa.

Wiki iliyofuata mwakilishi alinipigia. Wamelifikiria ombi la familia, alisema. Kuna nafasi ya mshauri, inayomfaa mzee aliyezungumza. Atalipwa kila mwezi na hatatakiwa kusafiri. Nilimshukuru, nikampigia kaka.

"Mbuzi gani hiyo," alisema, "inayozaa kila mwezi?"

Tulicheka wote wawili. Lakini hakusema hapana, nami sikumwuliza. Kaka anafanya kazi kiwandani amesimama juu ya mguu ule, na baridi ya Buffalo inaingia kwenye mfupa. Mtu aliyesimama hivyo miaka yote akiambiwa kwamba anaweza kukaa, ana haki ya kufikiri kidogo.

Kocha wa kaskazini alikuwa mtu wa namna nyingine. Alikuwa amemfuatilia mpwa wangu tangu wakati kijana anakaa benchi. Gari lake lilikuwa limeliwa na chumvi ya barabarani mpaka juu ya magurudumu. Alipokuja Reynoldsburg alikuja peke yake, akanawa, akala foufou kwa mkono, vibaya. Kaka, ambaye alikuwa amekata tamaa na ile hotuba, alitaka kuiruka sehemu ya mbuzi. Nilimwomba asiiruke. Akauliza kwa sauti ya uchovu.

Kocha aliuliza, "Hai, au amepikwa?"

Kaka alinyanyua kichwa. "Hai."

"Chuo changu hakina bajeti ya mbuzi. Naweza kupata kuku."

"Kuku?" Kaka alinigeukia. "Mwambie mimi si mjomba wa kuku."

"Kuku na glavu za baridi," alisema kocha. "Nimeona mzee hana glavu."

"Glavu zipya?"

"Zimevaliwa. Kidogo."

Kaka alishika egemeo la kochi akasimama, akajifanya anaondoka. Kocha, ambaye hakuwa amefundishwa na mtu yeyote, alinyanyuka akamshika mkono. Tulicheka mpaka dada akajifuta macho kwa kitambaa cha vyombo, na mpwa wangu, aliyeamriwa asiseme, akaenda kusimama kwenye korido ili acheke vizuri.

Kocha alipoondoka kaka alisema, "Huyo anajua kuposa." Kisha akaongeza, "Lakini ni maskini."

Hapo ndipo mimi, kwa tabia yangu, niliuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza. Nilimpigia mwakilishi wa kusini nikataka kujua mkataba ni wa muda gani. Hakuficha chochote. Ni wa mwaka mmoja, alisema, halafu tunaangalia. Kijana anaweza kubaki, anaweza kuhama, wao nao wanaweza kupunguza au kuacha. Nilimwuliza kama ndivyo ilivyo kwa wote. Akasema ndivyo ilivyo siku hizi, karibu kila mahali.

Nilimweleza kaka. Alinifanya nirudie.

"Ndoa ya mwaka mmoja?"

"Wa kwanza. Kisha wanaangalia."

"Wanaangalia nini?"

"Anavyocheza."

"Hiyo ndoa haiko," alisema kaka. "Hata kwa wapagani haiko."

Tulikutana tena Reynoldsburg Jumapili baada ya ibada, kwa neno la mwisho. Kijana alikaa kwenye kiti cha jikoni kilichokuwa kidogo kwake, mikono magotini. Juu ya friji kofia zilikuwa mbili sasa. Kaka alizungumza kwa haki. Alisema yule wa kuku ni mtu mzuri, moyo wake unampenda, lakini msemaji hatakiwi kusema kwa moyo wake. Mali ya kusini itamtoa mama huyu ghalani. Mwaka mmoja si ndoa, sawa, lakini mwaka mmoja wa mapumziko ni mwaka mmoja. Kuhusu ile kazi ya mshauri, alisema, ataikataa, ili mtu asije kusema mjomba aliuza mtoto. Aliposema hivyo niliona imemgharimu.

Dada alikuwa anaosha vyombo. Alitoka na kitambaa mkononi akasimama mlangoni.

"Kaka," alisema, "mguu wako ulivunjikia kwa nani?"

Kijana alitutazama mmoja mmoja. Nadhani hakuwa amewahi kuisikia habari ile. Sisi wenyewe hatuisemi.

Kaka alipokuwa mdogo kuliko mpwa wangu, baba yetu alimpeleka kuchunga ng'ombe wa tajiri mmoja ng'ambo ya bonde. Ndivyo ilivyokuwa: mtoto anachunga, anakula kwa tajiri, na muda ukitimia anarudi nyumbani na mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa, na huyo mtamba anakuwa mwanzo wa zizi lenu. Wazazi wetu walikuwa tayari wanamzungumzia yule mtamba kana kwamba wanamjua rangi. Siku ya mvua ndama alikimbilia kwenye mawe, kaka akamfuata, akateleza. Ndama alipona. Kaka aliletwa nyumbani kwa machela na wanaume wanne, mguu umefungwa kwa kamba za migomba, na tajiri hakuja. Alituma salamu. Kwa kuwa muda haukutimia, mtamba hakutoka. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, nakumbuka machela ilivyoshindwa kupita mlangoni wakalazimika kuiinamisha.

Kaka aliutazama mguu wake ulionyooka mbele ya kochi.

"Tumekosea mila," alisema. "Hii haiko posa. Hii ni kuchunga."

"Ndiyo," alisema dada.

"Tumeuliza maswali ya msichana. Mali ngapi, mbuzi iko wapi." Alipangusa uso. "Mtu anapeleka mtoto kuchunga, swali ni moja. Akianguka, ni wa nani?"

Akaniagiza nipige simu, mbele ya wote, sauti ya nje. Nikampata kwanza mwakilishi wa kusini, nikamwuliza: kijana akivunjika mguu mwaka wa kwanza, inakuwaje? Alijibu kama mtu mwenye heshima yake. Masomo yataendelea, alisema, na matibabu yapo. Lakini pesa za jina na sura zinatoka kwa wafanyabiashara, na mfanyabiashara akitaka kuacha ataacha. "Sitaki kumdanganya mama," alisema. Nilimpenda kwa hilo.

Kocha wa kaskazini alikuwa dukani; tulisikia mashine ya kulipia ikilia. Alisema masomo na matibabu ni vilevile. Pesa za matairi zingekatika, bila shaka, lakini zenyewe si kitu. Kisha akasema jambo ambalo sikutegemea. "Nikuambie ukweli, mimi mwenyewe huenda mwakani sipo. Sisi nasi tunafukuzwa. Siwezi kukuahidi kwamba mimi ndiye nitakayempeleka hospitali."

Nilikata simu. Majibu yalikuwa karibu sawa. Nilikuwa nimetumaini kwamba swali zuri litatupa jibu zuri, na halikutupa.

"Donc si wa yeyote," alisema dada.

"Subiri," alisema kaka. Alikuwa anaufikiria umbali, nilimjua. "Kutoka kwangu mpaka pale ni saa moja. Na theluji, moja na nusu. Huko kusini, hata mimi hata ninyi, hakuna wetu." Alimgeukia mpwa wetu kwa mara ya kwanza siku ile. "Ukianguka pale kaskazini, wewe ni wangu. Nakuja na gari yangu. Sitatuma salamu."

Kijana aliangalia vidole vya miguu. Kisha akasema kwa Kiingereza, kama watoto wetu wanavyotujibu, kwamba amesikia yote, na anashukuru, lakini hakuna aliyezungumzia mgongo wa mama. Alisema yeye ndiye anayefunga ile barafu. Alisema kama kuna mwaka mmoja wa mama kukaa, yuko tayari kwenda popote, na akianguka, basi ameanguka.

Alikuwa amekwisha kuamua, peke yake, kujitoa kwa ajili ya mama yake, na alikuwa amekaa na uamuzi huo majira yote ya baridi huku kofia ziko juu ya friji.

Dada hakumkumbatia. Si desturi yetu, na pia alikuwa na sabuni mikononi. Alimsogelea akasimama mbele yake, na kwa kuwa kijana alikuwa amekaa, macho yao yalikuwa sawa.

"Mgongo ni wangu," alimwambia. "Nimeutoa kambini mwenyewe, nimeupandisha ndege mwenyewe. Sikukuomba uubebe. Mimi sitaki kula nikiwa naogopa mguu wako. Kila mechi nitakuwa natazama mguu, sikutazami wewe. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Sasa sema unakotaka wewe. Tuseme mimi sina mgongo."

Akasema kwa Kiswahili, kama afanyavyo akitaka mama yake amwamini:

"Nataka kwa yule wa kuku."

Nilimpigia mwakilishi wa kusini kesho yake, kwa sababu niliona haifai asikie kwa wengine. Alisema wamesikitika, kisha akauliza mama anaendeleaje na kazi. Nikasema anaendelea. Akaniambia mama yake naye alifanya kazi ya kusimama maisha yake yote, na akanitajia aina ya mkanda wa mgongo uliomsaidia. Nilimtafutia dada mkanda huo. Ni mzuri.

Siku ya kutia sahihi, shuleni, walipanga kofia mezani kama wanavyofanya hapa, na kijana akachukua ya kaskazini akaivaa. Watu walipiga makofi. Kocha alikuwa amekuja na kuku wa kuokwa kutoka dukani, kwenye sanduku la plastiki. Alimkabidhi kaka kwa mikono miwili.

"Na glavu?" alisema kaka.

Alikuwa nazo mfukoni.

Dada bado anafunga maboksi. Siwezi kuliandika hili kana kwamba lilitatuliwa. Alihamia zamu ya mchana, na barafu anajifungia mwenyewe, na kuna siku nikiongea naye nasikia kwenye pumzi yake kwamba ameketi chini. Siku kama hizo mimi hufikiria ile pesa ya kusini. Sijawahi kumwambia, na naamini yeye naye hufikiria na haniambii. Duka la matairi lilibandika picha ya mpwa wangu kando ya barabara, ameshika tairi moja kila mkono. Kaka hupita hapo hata kama haiko njiani kwake.

Vuli iliyopita tulikwenda kumtazama, sisi watatu, Jumamosi moja ya upepo kutoka ziwani. Dada alikuwa amejifunika blanketi. Mimi nilikuwa namweleza nani anasimama wapi, naye alikuwa ananiambia ninyamaze. Kipindi cha pili miili iliangukiana upande wa kushoto, ikanyanyuka mmoja mmoja, na mmoja haukunyanyuka. Nilianza kutafuta namba kwenye jezi. Dada alinishika mkono. Tulipogeuka kumtazama kaka, kiti chake kilikuwa wazi.

Alikuwa tayari kwenye ngazi. Sijui aliondoka lini. Alikuwa anashuka ule mguu mbaya kwanza, glavu zikishika chuma cha pembeni, watu wakimpisha, mpaka akafika kwenye uzio wa chini kabisa karibu na nyasi. Mlinzi alimwendea. Nilishuka nami, nikawakuta mlinzi anamweleza kwa upole kwamba hapa haruhusiwi kusimama, arudi kwenye kiti chake.

"Anasema nini?" kaka aliniuliza, bila kuondoa macho uwanjani.

"Anauliza wewe ni nani."

"Mwambie mimi ni mjomba."

Nikamwambia. Mpwa wangu alikuwa amekaa kitako sasa, anapumua, daktari amepiga magoti mbele yake. Pumzi ilikuwa imemtoka tu. Alisimama, akaligusa goti, akatembea hatua chache, na alipoinua kichwa alituona pale kwenye uzio. Akageuka haraka kurudi kwenye mstari, kwa aibu ile ya kwetu.

Mlinzi alimtazama kaka, akautazama mguu wake, akatuacha. Kaka aliegemea uzio akabaki hapo mpaka kipindi kikaisha.